Rietschel na Ukweli wa Sanamu

Aghalabu watu hudhani kwamba sanamu ya ukumbusho ni nakala tu ya sura ya mtu. Mwenye dhana hiyo na aitazame kazi ya Ernst Rietschel, mchongaji wa Kijerumani wa karne ya 19.

Rietschel alizaliwa mwaka wa 1804 katika mji mdogo wa Pulsnitz, Saxony, katika familia maskini. Baada ya kusomea sanaa mjini Dresden, alikwenda Berlin kunolewa na Christian Daniel Rauch, bingwa wa uchongaji wa wakati huo. Mwaka wa 1832 aliteuliwa kuwa profesa huko Dresden.

Siku hizo ilikuwa desturi kuwavika watu mashuhuri wa Ujerumani majoho ya Wagiriki na Warumi wa kale, kana kwamba vazi la kwao halistahili heshima. Rauch mwenyewe alipendekeza mavazi hayo kwa sanamu ya washairi Goethe na Schiller mjini Weimar. Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, aliyeahidi kutoa shaba, alishikilia kwamba wavikwe mavazi ya zama zao. Rauch akajitoa, na kazi ikamwangukia mwanafunzi wake. Huyu hakuona taabu, kwani alikuwa amekwisha kumchonga mwandishi Lessing, kwa ajili ya mji wa Braunschweig, akiwa amevaa koti la kawaida la enzi yake.

Sanamu ya Weimar ilizinduliwa mwaka wa 1857. Goethe ameweka mkono begani mwa Schiller, na taji moja la majani liko kati yao. Hata hivyo, wawili hao wamelingana kimo, ilhali Goethe alikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Je, mchongaji aliyeheshimu ukweli wa mavazi aliupuuza ukweli wa kimo? Sidhani. Joho la Kirumi lingedai kwamba ukuu wao umeazimwa ugenini. Tofauti ya kimo nayo ingedai kwamba mmoja ni mkuu kuliko mwingine. Madai yote mawili Rietschel aliyakataa.

Alifariki mwaka wa 1861, akiacha mnara wa Luther wa mjini Worms haujakamilika. Wanafunzi wake waliumaliza mwaka wa 1868. Basi mwanafunzi anayeitazama sanamu asiulize tu kama inafanana na mwenyewe. Aulize pia inasema nini juu yake.