Habari njema kwa maskini

Habari njema kwa maskini ni wazo la msingi katika Ukristo, kwamba watu wa hali ya chini ndio wa kwanza kupelekewa ujumbe wa Mungu. Linatokana hasa na Injili ya Luka. Katika historia ya Afrika Mashariki wazo hilo lilipata uzito wa pekee katika karne ya 19, kwa sababu sehemu kubwa ya Wakristo wa kwanza wa pwani walikuwa watumwa waliokombolewa au waliotoroka. Hao walikuwa na haki ya kuuliza kama habari hiyo inaondoa minyororo kweli, au inabadilisha tu bwana.

Jina

Neno "Injili" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo asili yake ni Kigiriki euangelion, yaani "habari njema". Katika Dola la Roma neno hilo lilitumika kwa matangazo ya ushindi vitani na kwa sifa za Kaisari. Wakristo walilichukua wakalitumia kwa Yesu Kristo.

Upande wa "maskini", Biblia ya Kiebrania inawataja anawim, watu walioinamishwa na maisha, wasio na wa kuwatetea isipokuwa Mungu. Hivyo umaskini unaosemwa si wa fedha tu: mjane, yatima, mgeni na mgonjwa wamo.

Katika Injili ya Luka

Luka anataja kwanza wakubwa, kisha anawaacha. Kaisari Augusto anaamuru watu waandikishwe, lakini malaika anawatokea wachungaji waliokuwa wakilinda kondoo usiku karibu na Bethlehemu (Lk 2:8-20). Kuhani Zakaria, aliyetokewa hekaluni kabla yao, hakusadiki akawa bubu (Lk 1:20); wachungaji walisadiki, wakaenda kuona, wakawasimulia wengine. Katika Kiswahili cha leo "mchungaji" ni pia cheo cha kiongozi wa kanisa, hasa kwa Waprotestanti, kiasi kwamba msikilizaji anaweza kusahau kuwa hawa walikuwa wachunga mifugo halisi, wenye harufu ya zizi.

Familia yenyewe ya Yesu ilikuwa ya watu wa chini. Maria na Yosefu walipompeleka hekaluni, sadaka inayotajwa ni ile ya ndege wawili (Lk 2:24), ambayo Torati ilimruhusu mama asiyeweza kupata mwanakondoo (Law 12:8). Baadaye, katika sinagogi la Nazareti, Yesu alisoma maneno ya nabii Isaya juu ya maskini kuhubiriwa na wafungwa kufunguliwa, akasema yametimia siku ile (Lk 4:16-21). Wafafanuzi wengine huyachukua maneno hayo kwa maana ya kiroho peke yake. Kwenye pwani ya Waswahili ilikuwa vigumu kuyasoma hivyo.

Rabai na mwamini wa kwanza

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846. Walikaa Rabai, kati ya Wamijikenda. Kwa miaka kadhaa hawakupata mfuasi. Wa kwanza kupokea ujumbe wao hakuwa mzee wa kaya wala mfanyabiashara, bali Mringe, mtu mlemavu na mgonjwa, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa.

Rebmann aliendelea kuishi Rabai mpaka mwaka 1875, alipoondoka akiwa kipofu. Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1876, mwaka uleule aliofariki. Ndivyo habari ya wachungaji ilivyopata kusomeka katika lugha ya watu wa pwani.

Unguja na Bagamoyo

Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimpa askofu Mwanglikana William Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini liliwekwa mahali pa soko hilo siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Tarehe hiyo inafaa: ni sikukuu ya wachungaji wale.

Bagamoyo, Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868. Wao walinunua watumwa, hasa watoto, ili kuwakomboa. Watoto walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Walipokuwa watu wazima walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo. Kutoka hapo familia kama hizo zilisindikiza mapadri kwenda bara, kwa mfano Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882.

Mpango huo umekosolewa, na kwa haki. Mtoto aliyenunuliwa hakuulizwa kama anataka dini mpya. Alifanya kazi katika mashamba ya misheni, na ratiba ya siku yake ilipangwa na wengine. Tena fedha ya ukombozi iliingia mikononi mwa wafanyabiashara walewale. Hata hivyo, kwa mtoto aliyetekwa mbali na kwao, mara nyingi hapakuwa na njia ya kurudi nyumbani, na njia nyingine iliyokuwa wazi ilikuwa shamba la karafuu au la minazi.

Watoro

Jaribio kubwa zaidi lilitokea tena Rabai. Mwaka 1875 Waanglikana walifungua Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa na meli za Kiingereza. Kengele yake imeacha jina la Kengeleni mpaka leo. Lakini watumwa wa mashamba ya pwani nao walisikia mahubiri, wakaanza kutoroka kuja misheni bila kusubiri mtu wa kuwakomboa.

Jambo hilo liliwatia wamisionari mashakani. Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali katika nchi ya Sultani, na Waingereza walikuwa wameahidi kuiheshimu mali ya raia wake. Uongozi wa misheni ulikataza kuwapokea watoro. Hata hivyo walipokewa Rabai, alipokuwa akihudumu William Jones, mwenyewe mtumwa wa zamani aliyesomeshwa Nasik, India, na kupewa ushemasi mwaka 1885. Huko Fuladoyo Wakristo Wagiriama waliwapa watoro makao, na kiongozi wao David Koi aliuawa mwaka 1883.

Mwaka 1888 wenye watumwa walidai watu wao. George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodi pwani, alipata suluhisho la fedha: mabwana walilipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru. Waliolipwa walikuwa mabwana. Watumwa hawakulipwa chochote kwa miaka ya kazi yao.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922 tu.

Waliopokea wakawa wapelekaji

Mwaka 1876 askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu walioachwa huru kutoka Unguja kuelekea Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi na kuanzisha kijiji. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akawa padri Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo, akihudumu Chitangali, karibu na mto Ruvuma. Hali ilikuwa tofauti Buganda, ambako wasomaji wengi wa kwanza walikuwa vijana wa ikulu ya Kabaka.

Siku hizi

Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, zinazokutana katika nyumba za waamini. Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama ile ya Kibamba kando ya Barabara ya Morogoro (zamani wilaya ya Kinondoni, sasa Ubungo), majirani waliotoka mikoa mbalimbali husomeana Injili ukumbini au uani, na mama lishe ana nafasi ya kusema sawa na mwalimu. Jumuiya hizo pia hukusanya michango kwa wagonjwa na wafiwa.

Katika jiji hilohilo kuna wahubiri wanaofundisha kwamba dalili ya baraka ni mali, na kwamba maskini atoe sadaka ili atajirike. Wapinzani wa mafundisho hayo, Wakatoliki na Waprotestanti vilevile, huwarudisha waamini kwa wachungaji wa Bethlehemu, ambao baada ya kuona hori walirudi wakimsifu Mungu (Lk 2:20). Luka hasemi kwamba mifugo yao iliongezeka.