Viputo vya Sabuni na Njia ya Kwenda Bungoma

Mtoto wa huku Matulo, upande wa Webuye na Bungoma, akikata bua la jani la mpapai, akalichovya katika maji ya sabuni kisha akalipuliza polepole, hutoa kiputo ambacho, kikiisha kuachana na bua, hutulia kikawa tufe kamili kabla mtazamaji hajapepesa macho. Na jambo hili, ambalo sisi watu wazima aghalabu hulipita pasi na kuliangalia, limewashughulisha mahodari wa hesabu tangu zama za Wayunani hata leo.

Asili yake ni tabia ya maji yenyewe. Chembe iliyo ndani ya maji huvutwa na jirani zake kutoka pande zote, walakini ile iliyo usoni haina jirani upande wa hewa, basi huvutwa kwa ndani tu, na kwa sababu hiyo uso wa maji hujikaza daima ukitaka kupunguza eneo lake kadiri iwezekanavyo. Wengi hudhani kwamba sabuni huuzidisha ukazo huo, na kumbe huupunguza, hata ukabaki kama thuluthi moja ya ule wa maji matupu. Fadhila ya sabuni iko kwingine: mahali utando unapovutika ukawa mwembamba, chembe za sabuni hutawanyika, ukazo wa mahali pale huongezeka, na maji ya kandokando huvutwa yakaja kupaimarisha kabla hapajapasuka. Maji matupu hayana tiba hiyo, ndiyo sababu viputo vyake havikai.

Kiputo, basi, kimefungia kiasi fulani cha hewa, na shurti kiifunike kwa utando wenye eneo dogo kuliko yote. Umbo linalotimiza sharti hilo ni tufe peke yake. Macho yalilijua hilo zamani sana, lakini burhani kamili haikupatikana mpaka mwaka wa 1884, alipoitoa Hermann Schwarz wa Ujerumani. Ukazo wa utando huibana hewa ya ndani hata shinikizo lake likalizidi la nje, na kipimo cha ziada hiyo ni ukazo mara nne, ukigawanywa kwa nusu ya kipenyo. Kwa hiyo kiputo kidogo hubana hewa yake zaidi kuliko kikubwa, na viwili visivyolingana vikigusana, ukuta wa kati hubonyea kuelekea ndani ya kile kikubwa. Matulo iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake limepungua kwa karibu sudusi moja likilinganishwa na la Mombasa; illa viputo viwili vya kipimo kimoja, kimoja cha huku na kingine cha pwani, vina ziada ile ile, maana hesabu yenyewe haiigusi hewa ya nje hata kidogo.

Rangi za kiputo nitazipita upesi: hutokana na nuru inayorudishwa na nyuso mbili za utando, mawimbi yake yakisaidiana au yakiuana kwa kadiri ya unene, na pale juu panapokuwa peusi utando umekuwa mwembamba mno na mwisho wa kiputo hauko mbali.

Lililo kubwa zaidi ni viputo vinapokutana. Joseph Plateau wa Ubelgiji, aliyekwisha kupofuka na kuyaona majaribio yake kwa macho ya wasaidizi, alitoa mwaka wa 1873 kitabu chenye kanuni ambazo hazijatenguka: kwamba tando hukutana tatu tatu, kila pembe kati yao ikiwa na digrii 120, na kwamba mistari ya makutano hayo hukutana minne minne. Mwalimu aliye na vipande viwili vya kioo aweza kuidhihirisha kanuni ya kwanza darasani. Na avisimamishe vioo sambamba, kati yake apachike vijiti vitatu vilivyopangwa kama Kitale, Bungoma na Kakamega zilivyo katika ramani, kisha avichovye vyote katika maji ya sabuni na kuvitoa. Ataona tando tatu, kila moja ikitoka kwenye mji wake, zikikutana mahali pamoja kwa pembe zilizo sawa. Na urefu wake ukijumlishwa ni mfupi kuliko wa mtandao wowote mwingine uwezao kuiunganisha miji hiyo. Kutafuta mahali penye jumla fupi namna hiyo ndilo swali ambalo mwanahesabu Fermat alimwuliza mwenzake Torricelli katika karne ya 17. Makutano hayo huangukia mashariki ya Bungoma, kilomita chache tu kutoka mjini, upande wa kwendea Matulo na Webuye. Barabara zenyewe hukutana mbele zaidi, Webuye, kwa kuwa barabara ina mto, kilima na mashamba ya watu ya kuzingatia, na utando hauna.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba utando haukosei. Vijiti vikiwa vinne au zaidi, huweza kutulia katika umbo lililo fupi kuliko yale yanayokaribiana nalo, ilhali liko jingine mbali nalo lililo fupi zaidi. Ukivitikisa vioo huenda likabadilika. Ndipo ionekanapo tofauti kati ya kuona na kuthibitisha. Kanuni za Plateau zilithibitishwa na Jean Taylor wa Marekani mwaka wa 1976, baada ya karne nzima. Na kwamba viputo viwili vilivyoshikamana hutumia utando mdogo kuliko umbo jingine lolote la kufungia viwango viwili vya hewa, hilo nalo wanahesabu Hutchings, Morgan, Ritoré na Ros walilitangazia burhani mwaka wa 2000.

Chini ya maporomoko ya Nabuyole, mto Nzoia upigapo miamba karibu na Webuye, povu hutokea pasi na sabuni ya mtu, maana masazo ya majani na udongo yaliyoyeyuka majini huweza kufanya kazi ya sabuni. Nalo pia, likiisha kuchujika maji, hufuata kanuni zile zile. Lakini ukiuliza nafasi igawanywe vipi katika vyumba vyenye ujazo sawa ili kuta ziwe kidogo kuliko zote, umeuliza swali gumu. Lord Kelvin alipendekeza mwaka wa 1887 chumba cha nyuso 14, na kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyempita. Mwaka wa 1993 Denis Weaire na Robert Phelan, huko Dublin, walipata mpango wa vyumba vya namna mbili, vya nyuso 12 na vya nyuso 14, unaopunguza kuta kwa asilimia 0.3 hivi. Kama uko mpango mwingine ulio bora kuliko huo, hakuna hata sasa aliyethibitisha kuwa uko wala kuwa hauko.