Hewa Haba kwa Miguu Iliyopooza

Mtu aangukaye kutoka juu ya mwembe huko Handeni, au aangushwaye na pikipiki katika barabara kuu ya Korogwe, aweza kuumia ugwe wa mgongo, yaani fungu la neva lipitalo ndani ya uti wa mgongo. Mara nyingi nyuzi chache husalimika. Hizo ndizo zinazotafutiwa nguvu.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitangaza jaribio la watu 19 wa namna hiyo. Walivutishwa hewa yenye oksijeni asilimia 9 badala ya 21 kwa sekunde 90, kisha hewa ya kawaida kwa sekunde 60, mara 15 kwa siku, siku tano. Ni kama kupandishwa kupita kilele cha Kilimanjaro na kuteremshwa (ingawa kileleni asilimia ni 21 ileile, kipungukacho ni kanieneo). Mwendo wao uliongezeka. Walipofanya na mazoezi ya kutembea, walifika mbali zaidi.

Upungufu huo mfupi huamsha serotonini ndani ya ugwe, na maungio ya neva huimarika. Ukidumu, huua neva. Kwa hiyo si tiba ya kujaribiwa nyumbani.

Ugwe uliokatika wote hauna nyuzi za kuimarishwa. Nazo zilizosalia huweza kukatwa na wasaidizi wamnyanyuao majeruhi kwa mikono na miguu, badala ya kumlaza juu ya ubao, shingo ikiwa imeshikwa isitikisike.