Sarafu ya Kale Kwenye Mkebe: Je, Ni Utajiri au Ni Mtego?

Tuseme uko Mbwajumali, jioni, na simu inaita. Ni video kwenye kundi la WhatsApp la familia. Jamaa ameshika sarafu yenye tundu katikati na anasema: "Ukiwa na hii ya 1936, usiitupe. Kuna mzungu anainunua milioni mbili." Chini kuna namba ya simu. Unakumbuka mkebe wa marehemu nyanya uliojaa vitu vya zamani. Unaufungua, na kweli, sarafu imo.

Unapiga ile namba. Anayepokea ana adabu zake: "Mama, hongera sana. Nitumie picha, mbele na nyuma." Baada ya nusu saa anakwambia sarafu imepita, pesa ziko tayari, imebaki ada ya usajili tu, Sh3,500. Ukituma hiyo, atataja kodi. Ukituma kodi, atataja cheti.

Kabla hujabonyeza "tuma", soma haya kwanza. Mtego huu hunasa watu kwa sababu nusu yake ni kweli.

Ni kweli, sarafu ya kawaida yaweza kuuzwa ghali

Mwaka 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilihitaji shaba kwa ajili ya vita. Kwa hivyo senti moja ikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zaidi ya vipande bilioni moja. Lakini vipande vichache vya shaba vilipitishwa kwenye mashine kimakosa. Mwaka 1947 mwanafunzi mmoja alipata senti kama hiyo kwenye chenji ya shuleni. Mwaka 2019 iliuzwa mnadani kwa dola 204,000.

Mfano mwingine ni sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933. Zilitengenezwa karibu 445,500, kisha zikaamriwa kuyeyushwa kabla ya kutoka. Chache sana ziliponyoka, na mwaka 2021 moja iliuzwa New York kwa dola milioni 18.9.

Hapa bei haikuletwa na uzee. Ililetwa na mambo matatu: zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na je, kuna wanunuzi wawili wenye pesa wanaoitaka sarafu ile ile siku moja? Wawili wakishindana, bei hupanda. Akiwa mmoja, hupata kwa bei yake.

Sasa turudi kwenye mkebe wako

Ile sarafu ya 1936 ina jina la Mfalme Edward VIII. Alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja akajiuzulu Desemba 1936, kabla sarafu zenye sura yake hazijaanza kutumika kwao. Zilizotengenezwa kwa majaribio ni chache mno, na moja ya dhahabu iliuzwa kwa pauni milioni 1 mwaka 2020. Habari hiyo ndiyo matapeli wanayoitumia.

Wasichokwambia ni kwamba senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, hazikuwa na sura ya mfalme, jina tu. Zilitengenezwa kwa mamilioni na zikatumika kwetu kama kawaida. Mfalme ni yule yule, lakini moja ni ya milioni, na hii iliyochakaa kwa kawaida haifiki hata Sh1,000.

Vivyo hivyo reale ya fedha ya Maria Theresa, ambayo wazee wa pwani waliijua vizuri. Imeandikwa 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa mwaka huo huo katika miji kama Vienna, London na Bombay, hata baada ya malkia mwenyewe kufariki. Nyingi huuzwa kwa bei isiyozidi sana ile ya fedha iliyomo, kama gramu 23.

Na ile shilingi 40 yenye sura ya Rais Kibaki, ya mwaka 2003? Ni kumbukumbu nzuri ya miaka 40 ya uhuru. Iweke, lakini usiikopee.

Ukiiokota ardhini, hiyo ni habari nyingine

Kisiwa chetu cha Pate kina historia. Kule Shanga wachimbaji wa mambo ya kale walipata sarafu ndogo za fedha zilizotengenezwa hapa hapa pwani karne nyingi zilizopita. Kisiwani Manda, mwaka 2013, ilitangazwa kwamba imepatikana sarafu ya Kichina ya enzi za mfalme Yongle, ya miaka kama 600. Sokoni sarafu za Yongle ni nyingi na si ghali. Ile ya Manda ina thamani kwa sababu inajulikana ilitoka wapi. Ukiing'oa na kuiuza kimyakimya, ushahidi huo umepotea.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inataka vitu vya kale vinavyogunduliwa viripotiwe, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Pa kuanzia ni Makavazi ya Lamu.

Ufanye nini?

- Usiisugue. Ndimu, majivu na mchanga huing'arisha sarafu na kuishusha bei. Iache ilivyo.
- Angalia bei iliyouzwa, si bei iliyotajwa. Mtu yeyote anaweza kuandika milioni mbili kwenye tangazo. Uliza: nani alilipa, wapi, lini?
- Usitume pesa ili upate pesa. Mnada wa kweli kwa kawaida hukata kamisheni yake kwenye mauzo, baada ya kuuza.
- Usiamini nembo ya benki. Agosti 2021 Benki Kuu ya India iliwaonya wananchi kuhusu matapeli waliotumia jina lake kudai ada na kodi za sarafu za kale. Mchezo ni ule ule.
- PIN yako ni yako. Ili kupokea pesa, hakuna anayehitaji PIN yako.

Na kama tayari umetuma? Usione haya, na usitume tena ili "kuzikomboa" zile za kwanza. Pigia huduma kwa wateja sasa hivi, kwa namba rasmi, si ile uliyopewa na muuzaji. Hifadhi SMS zote, upige ripoti polisi upewe namba ya OB. Kadiri unavyowahi, ndivyo nafasi ya kuzuia pesa inavyokuwa kubwa.

Kisha rudi kwenye lile kundi la familia uwaambie. Huenda shangazi naye yuko na mkebe wake mkononi, na ada ya shule ya mtoto iko kwenye simu.