Nyama Choma Uani: Chagua Jiko, Okoa Wikiendi Yenu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Baba watoto ameshaoga, amevaa fulana ya timu yake, anatafuta funguo. Huhitaji kuuliza anakwenda wapi. Anakwenda "kuonja nyama na washikaji", na kuonja huko kunaisha saa sita usiku. Mpenzi msomaji, kama hali hii unaijua, karibu kundini. Mimi nimeishi nayo miaka mitatu hapa Mabatini, jijini Mwanza, na nimejaribu kila dawa. Nimenuna. Nimelalamika. Hata kumfuata nimemfuata, nikaishia kumbembeleza mtoto aliyelala kwenye kiti cha plastiki huku muziki unapiga. Kilichokuja kunisaidia ni pipa la chuma.

Usicheke! Siku moja tulikaa tukapiga hesabu bila ugomvi. Nyama, ndizi, vinywaji na bodaboda ya kurudi, ilikuwa kama elfu 40 kila Jumamosi. Zidisha mara 4: laki 1 na elfu 60 kwa mwezi. Nikamwambia, "Baba, kwa hela hii si tutengeneze jiko letu hapo uani, washikaji waje hapa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, ila mchomaji ni mimi." Hapo nikajua nimeshinda.

Lakini tulikosea mengi, na kosa moja lilikaribia kutuondoa duniani. Ndiyo maana nakuandikia, ili wewe uanzie pale tulipofikia sisi.

PIMA UANI KABLA YA JIKO

Huku kwetu nyumba zimebanana. Nyingine zimekaa juu ya mawe, nyingine ziko chini karibu na Mto Mirongo, na uani mara nyingi mnachangia na wapangaji wenzenu. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, simama uani jioni utazame upepo unaelekea wapi. Moshi utaingia dirisha la nani? Kamba ya nguo iko wapi?

Sisi hatukuangalia. Jioni ya kwanza tu, shuka nyeupe za mama jirani zikanuka mbuzi. Ilibidi nimpelekee sahani ya mbavu pamoja na samahani. Siku hizi tunampa taarifa asubuhi, "Jirani, leo tunawasha," naye anaanua mapema. Jiko likae mita 3 hivi kutoka ukutani na mbali na paa, mahali tambarare, watoto wasipopita mbio.

JIKO GANI LINAKUFAA?

Kama mko wawili na uani ni mdogo, jiko la kawaida la mkaa lenye wavu imara juu yake linatosha kabisa kwa mishikaki na samaki. Usione aibu, utamu hauko kwenye ukubwa.

Kama mnapenda wageni, kuna nusu pipa lenye miguu. Linachoma nyama nyingi kwa mpigo, lakini halina mfuniko, kwa hiyo linakula mkaa na haliwezi kazi ya moshi.

Ninalokushauri ni pipa zima lililopasuliwa kwa urefu, nusu ya juu ikafungwa bawaba iwe mfuniko. Hili linachoma, linaoka na linakausha kwa moshi. Na usidhani ni kitu cha kishamba! Mwaka 1952 huko Marekani, George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya Weber Brothers Metal Works karibu na Chicago, alichoka upepo kumharibia nyama. Karakana yao ilikuwa inatengeneza maboya ya majini. Akachukua umbo la boya, akalikata nusu kwa nusu, ya chini ikawa jiko na ya juu mfuniko. Majiko ya duara unayoyaona kwenye supamaketi kubwa yalianzia hapo. Fundi wako wa kuchomelea mageti anaweza kufanya jambo lilelile.

Ukimfikia fundi, mwambie haya bila kuona haya:

Kwanza, muulize pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula ni zuri. Lililobeba petroli au dawa likatae hata kwa bure, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka anapoanza kulikata.

Pili, wavu uwe wa nondo tupu au chuma kisichopakwa kitu. Mabati ya kuezekea yana zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Mabati tuyaache juu ya nyumba.

Tatu, matundu mawili yenye vifuniko: moja chini upande mmoja la kuingiza hewa, lingine juu upande wa pili la kutolea moshi. Hizo ndizo gia zako. Ukifungua, moto unapanda. Ukiziba, unatulia. Ukiziba yote baada ya kula, mkaa unazimika na kesho unautumia tena.

Nne, ndani asipake rangi. Likifika nyumbani, liwashie moto mkali saa nzima bila chakula, likipoa lisugue, kisha lipake mafuta ya kupikia.

KUCHOMA NI MBIO, MOSHI NI SUBIRA

Hapa ndipo wanaume wengi wanapokosea, na mume wangu alikuwa mwenyekiti wao. Anajaza mkaa pipa zima, nyama juu, moto unaruka, nje nyeusi na ndani damu.

Kwa nyama ya moshi, mkaa kaa nao upande mmoja tu, nyama iwe upande wa pili. Chini ya nyama weka sinia la bati la kudakia mafuta. Juu ya mkaa uliokolea weka vipande viwili au vitatu vya kuni kavu, ukubwa wa ngumi. Mpera na mchungwa ni kuni nzuri sana. Epuka msonobari kwa sababu ya utomvu wake, mbao zenye rangi au dawa, na kamwe usitumie minyaa ya uzio, maziwa yake ni sumu. Kisha funika. Moshi unaoutaka ni mwembamba, karibu hauonekani. Ukiona mweupe mzito unafuka, ongeza hewa, la sivyo nyama itakuwa chungu.

Kuku aliyepasuliwa anachukua saa moja na nusu hadi 2. Mbavu za mbuzi saa 2 hadi 3. Kidari cha ng'ombe kinaweza kumaliza mchana mzima. Ukipata kipimajoto cha nyama, kuku afike nyuzi 74 katikati. Kama huna, mtoboe pajani karibu na mfupa, maji yatoke meupe.

SATO WA MOSHI, FAHARI YA ZIWA

Mabibi wa kando ya ziwa walibanika samaki tangu kabla sangara hajapandikizwa humu miaka ya 1950. Kwa hiyo hili tumelirithi. Pita Mwaloni pale Kirumba asubuhi, chagua sato wa nusu kilo, macho yang'ae na mashavu yawe mekundu. Mpare, mtoe matumbo, mpasue mgongoni afunguke.

Yeyusha vijiko 4 vya chakula vya chumvi kwenye lita 1 ya maji, mloweke saa moja. Mtoe, mkaushe mahali penye upepo huku umemfunika chandarua cha chakula nzi wasimguse, mpaka ngozi ishike vidole kidogo. Mpe moshi wa taratibu saa 2, kisha fungua hewa moto upande kwa nusu saa ya mwisho, nyama iachane na mfupa. Kachumbari, ndimu, ugali wa moto. Basi! Ila huyu si samaki wa kukaa kabatini. Aliyebaki aingie kwenye friji na aliwe ndani ya siku 3.

USIKU ULIOTUFUNDISHA

Jioni moja ya mwezi wa nne mvua ilitukuta kuku bado hajaiva. Tukahamishia mkaa kwenye jiko dogo, tukaliingiza koridoni, tukafunga mlango upepo usisumbue. Haukupita muda mtoto akasema kichwa kinauma. Mimi miguu ikalegea. Baba watoto akataka kutapika. Na ajabu ni kwamba moshi haukuwepo, mkaa ulikuwa mwekundu safi! Namshukuru Mungu alipata akili ya kupiga teke mlango na kututoa nje mvuani.

Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Inaua watu wakiwa wamelala. Jiko la mkaa halilali ndani, haliingii koridoni, hata kwa dakika 10, hata likionekana limezimika. Mvua ikija, funika pipa, kimbia ndani, nyama itakusubiri.

Kuna la afya pia. Mafuta yakidondokea moto, moshi unaorudi kwenye nyama hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Ndiyo maana FAO na wataalamu wa Senegal walipotengeneza tanuri la Thiaroye la kukaushia samaki mwaka 2008, waliweka sinia la kudaka mafuta. Lako la bati linafanya kazi hiyo. Palipoungua pakate utupe, na nyama ya moshi iwe ya wikiendi, isiwe ya kila siku. Chakula cha kila siku pikia gesi ukiweza. Hata serikali, kwa mkakati wake wa 2024, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia.

JE, BABA AMERUDI?

Sitakudanganya kwamba haendi tena baa. Anaenda, siku mojamoja. Lakini Jumamosi nyingi yuko uani toka saa nane, kanga yangu kiunoni, anacheza na vitundu vyake vya hewa kama dereva wa basi. Washikaji wanakuja na wake zao, watu ambao miaka mitatu nilikuwa nawajua kwa sauti za simu tu.

Nyama ya moshi haiharakishwi. Saa 3 mtu anakaa karibu na pipa hana pa kwenda, na ukimpelekea kiti na wewe ukaketi, mnaanza kuongea. Kwenye hizo saa 3 nimesikia mambo ya kazini kwake ambayo hakuwahi kuniambia tukiwa kitandani. Nami nimemwambia yangu.

Kwa hiyo dada, acha kununa, nenda kamuone fundi. Na wewe kaka, mchomaji ni wewe, lakini siku moja moja mpishe mama naye ashike koleo. Wikiendi njema!