Je, Tunayoyahofia Hutokea? Wasiwasi wa Mwalimu Mwanafunzi Kabla ya Mazoezi ya Kufundisha

Majuma machache kabla ya mazoezi ya kufundisha, mabweni ya vyuo vya ualimu hujaa maswali ya aina moja. Itakuwaje darasa likinishinda? Itakuwaje nikiulizwa jambo nisilolijua? Itakuwaje mkufunzi akiingia wakati somo limeharibika? Katika makala haya tunakusudia kueleza ni kwa kiasi gani mambo ya namna hii hutokea kweli, na jinsi mwalimu mwanafunzi awezavyo kuutumia wasiwasi wake kwa faida ya watoto atakaowafundisha.

Kwanza yafaa kutambua kwamba wasiwasi huu si aibu, wala si dalili ya kutofaa kwa kazi. Mwaka 1969 Frances Fuller, wa Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani, alieleza kwamba walimu wanaoanza huzihofia kwanza nafsi zao: kama wanatosha, kama watalimudu darasa, na kama watasifiwa na wale wanaowakagua. Baadaye, kadiri wanavyoizoea kazi, ndipo fikira zao huelekea kwa mwanafunzi na maendeleo yake. Kwa hiyo linalotupasa kuangalia ni muda gani wasiwasi huo utatuzuia tusimwone mtoto.

Je, yale tunayoyahofia hutokea? Mwaka 2020 Lucas LaFreniere na Michelle Newman, wataalamu wa elimunafsia nchini Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya swali hili. Watu 29 wenye maradhi ya wasiwasi uliokithiri waliandika mambo waliyoyahofia kwa muda wa siku 10. Kisha, katika muda wa mwezi mmoja, waliyapitia maandishi yao na kutazama ni yapi yaliyotimia. Kwa wastani, katika hofu ambazo ziliweza kuthibitishwa, takriban 91 kati ya kila 100 hazikutimia. Tena, wale walioona kwamba hofu zao nyingi zaidi hazikutimia ndio waliopata nafuu zaidi. Kweli, watu 29 ni wachache na mwezi mmoja ni muda mfupi. Hata hivyo utafiti huo unatuonyesha kwamba hofu yaweza kupimwa kama mambo mengine yapimwavyo.

Lakini hapana budi tujihadhari tusije tukasema kwamba kila hofu ni bure. Mwaka 1984 Simon Veenman, wa Uholanzi, alikusanya matokeo ya tafiti 83 juu ya matatizo ya walimu wapya katika nchi mbalimbali. Tatizo lililotajwa zaidi ya yote lilikuwa nidhamu darasani, yaani lile lile linalotukosesha usingizi bwenini. Je, habari hizi mbili zinapingana? Sivyo. Mwenye wasiwasi huona msiba: darasa zima litaasi, naye atafukuzwa chuoni kwa fedheha. Jambo litokealo aghalabu ni dogo kuliko hilo: wavulana wawili wa nyuma wananong'ona, au watoto wanachoka kabla ya kipindi kwisha. Msiba hauna dawa kwa sababu haupo. Tatizo dogo lina dawa, nayo hupatikana katika maandalizi.

Watu husema kwamba wasiwasi ndiyo akili. Usemi huu ni kweli pale tu ambapo wasiwasi umegeuzwa kuwa tahadhari. Ili kufanya hivyo, mwanachuo atenge kurasa chache katika daftari lake na kuzigawa katika safu tatu: jambo ninalolihofia, hatua niliyoichukua, na lililotokea. Safu ya kwanza ijazwe wakati wa kuandika andalio la somo, na ya tatu siku ile ile baada ya kipindi. Hofu iandikwe kwa namna inayoweza kuthibitishwa. "Somo litaharibika" ni maneno yasiyopimika. "Wanafunzi wa Darasa la Tano hawataweza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti baada ya mifano miwili" ni hofu inayopimika, na yenyewe inaelekeza la kufanya: kuandaa vipande vya karatasi vilivyokunjwa kuwa nusu na robo, kuongeza mfano wa tatu, na kuwagawa watoto katika vikundi. Ikiwa hatua yoyote haipatikani, kama vile juu ya hali ya hewa au tabia ya mkaguzi, safu ya pili iachwe wazi, nasi tuendelee na kazi.

Sababu kubwa ya kufanya haya ni kwamba gharama ya wasiwasi wa mwalimu hulipwa na mtoto. Mwalimu anayehofia kudharauliwa huingia darasani na kiboko. Anayehofia kuulizwa asilolijua huwanyima wanafunzi nafasi ya kuuliza, ilhali ingetosha kusema, "Swali hilo ni zuri, tulitafute jibu lake, tulizungumze kesho." Anayemhofia mkufunzi humfundisha mkufunzi aliyeketi nyuma, akawasahau watoto walioketi mbele yake.

Mwisho, tukumbuke kwamba wanafunzi nao wana hofu zao. Mtoto anayeitwa ubaoni huogopa kukosa, kuchekwa na wenzake na kuadhibiwa. Hofu hizi ni tofauti na zetu, kwa kuwa kutimia kwake hutegemea zaidi mtu mmoja, naye ni mwalimu. Akiruhusu kicheko, mtoto atachekwa. Akiadhibu kosa la kujaribu, mtoto ataadhibiwa, na kesho hatanyoosha mkono. Akilipokea jibu lisilo sahihi kwa upole, akamwuliza mtoto alivyofikiri na kuliongoza darasa kulisahihisha, hofu ile haitatimia. Kwa hiyo, katika kila andalio la somo, baada ya kuandika lile tunalolihofia sisi, tuandike pia lile ambalo mtoto dhaifu kuliko wote darasani huenda akalihofia siku hiyo, na hatua tutakayoichukua ili lisitokee.