Theluji haifurahiwi dirishani

KILA mwaka, somo la hali ya hewa linapofika, wanafunzi wangu hapa Bujumbura huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, ni kweli uliishi ndani ya friji?" Kwa Kirundi neno urubura ni mvua ya mawe na ni theluji pia, hivyo mtoto aliyewahi kupigwa kichwani na mvua ya mawe haelewi mtu atatokaje nje kuifurahia. Siwalaumu. Hata mimi nilikuwa hivyo.

Tuliingia Ottawa, mji mkuu wa Kanada, Januari 1996, tukitokea kambi ya Lukole wilayani Ngara, Tanzania, tulikokimbilia baada ya mauaji ya 1993 yaliyomchukua baba. Nilikuwa na umri wa miaka 14. Mama alisogeza kiti dirishani, akajifunga kanga juu ya koti, akakaa. Hakutoka ila kwa lazima. Saa kumi na moja jioni giza linaingia, nasi watoto tumemzunguka kimya. Ndugu msomaji, baridi haikutuumiza kama kimya kile.

Shuleni, wakati wa mapumziko, wenzangu walikimbilia nje wakipiga kelele. Siku moja nikawafuata na suruali yangu ya jinzi na viatu vya turubai. Baada ya nusu saa vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikarudi nyumbani mbio, nikavitia kwenye maji ya moto. Kosa kubwa! Kidole chenye ganzi hakijui moto, kinaungua bila wewe kuhisi. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu.

Bibi mmoja jirani, aliposikia kilio changu, alileta mfuko wa nguo kuukuu na kunifundisha kuvaa. Sufu karibu na mwili, juu yake fulana nzito, kisha koti la kuzuia upepo. Pamba hapana, kwa kuwa ikilowa jasho hukaa na unyevu na kukupoza. Mikononi usivae glovu za vidole vitano, bali zile za mfuko, ambamo vidole vinapashana joto. (Mpaka leo naona ni elimu yenye faida kuliko aljebra niliyosoma mwaka ule.)

Nilipovaa sawasawa, ndipo nilipoiona theluji. Iliyoanguka usiku humeza kelele za mji, maana sehemu yake kubwa ni hewa. Kukiwa na baridi kali huwa kavu kama unga na hulia chini ya kiatu. Joto likikaribia sifuri hushikana, na hapo watoto hupigana kwa matonge. Tuliteremka kilima juu ya sahani za plastiki hadi giza.

Kazi ilikuwa kumtoa Mama. Ottawa ina mfereji wa Rideau, uliofunguliwa mwaka 1832, na tangu 1971 maji yake yakiganda watu huteleza juu yake kwa viatu vyenye chuma, umbali wa kilomita 7.8. Barafu hutakiwa kufikia sentimita 30 ndipo umma uruhusiwe. Mama alikataa katakata, mpaka bibi jirani alipomwambia kuna chakula kinauzwa pale. Ni unga uliokaangwa, mpana, wenye sukari na mdalasini. Mama aliutafuna, akatukodolea macho: "Kumbe wana maandazi!" Tukamketisha kwenye kigari cha kuteleza, tukamsukuma. Alipiga kelele za woga, kisha akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu Oktoba 1993.

Mimi nilirudi nyumbani mwaka 2009 kufundisha. Yeye alibaki na wadogo zangu. Majira ya baridi ya 2022/2023 mfereji haukufunguliwa hata siku moja, kwa mara ya kwanza tangu 1971, kwa sababu joto lilizidi na barafu haikushika. Mama alinipigia simu Februari, sauti imeshuka. "Mwanangu, nimevaa tangu asubuhi, sina pa kwenda." Msimu uliofuata barafu ilidumu siku chache tu.

Januari 2025 mfereji ukafunguliwa tena. Alinitumia picha yake akiwa katikati ya barafu, andazi mkononi, kanga ikichungulia chini ya koti. Nimeibandika ukutani darasani, pembeni ya ramani ya dunia.